Meno ya Dalali Jarso Baada ya Waya

Mliponiaga mlinipa blanketi zito, kana kwamba Isiolo kuna baridi, kisha mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu katika chumba cha meno ili walioajiriwa juzi wasianze kwa kupapasa. Blanketi nimempelekea dada yangu kule Maua, ambako lina kazi ya kufanya. Ombi lenu ndilo hili. Vyeo nitaviruka, maana waliopata vyeo katika hospitali yetu wangali wanawakumbusha watu wenyewe, na mshahara hauhitaji kuelezwa kwa anayeupokea. Nitaandika kuhusu vinywa, na zaidi kinywa kimoja kilichonihangaisha karibu na mwisho.

Nilifika nikiwa msichana wa milimani, nimevaa sweta iliyonitesa kuanzia stendi mpaka langoni. Mkuu wa chumba alikuwa Bwana Ekai, Mturkana mrefu wa kuinama mlangoni, ambaye hakuwahi kumhudumia mgonjwa kwa haraka. Kiti chetu kilipanda kwa kukanyagwa pedali, na kushuka kilishuka chenyewe kilipojisikia, wakati mwingine mgonjwa akiwa katikati ya kueleza shida. Taa ilikuwa nzuri. Kioo cha mdomoni, chuma cha kuchunguzia na kibanio tulivichemsha kila asubuhi, na harufu ya chumba ilikuwa ya mafuta ya karafuu. Mpaka leo nikipika pilau najihisi niko kazini.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Ngaremara mwenye meno ya rangi ya chai ya rangi. Kabla sijashika chombo, Bwana Ekai alivuta stuli akamuuliza mzee habari za mbuzi, habari za mvua, halafu kisima alichonywea maji akiwa mtoto. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa maji ya visima vingine huku hutia rangi ndani ya jino likiwa bado linaumbika, na hakuna kusugua kutakakoitoa. Mzee alitibiwa jino lililomleta, akaenda zake akiwa ameridhika na rangi yake.

Bwana Ekai alikuwa na tabia nyingine iliyotufanya tumcheke pembeni. Alipenda plasta. Jino lolote lililomtia wasiwasi, alichukua umbo la mdomo mzima kwa ule uji wa waridi unaoganda mdomoni, akamimina plasta, akaandika jina na kuipanga kabatini. Kabati lilijaa meno meupe mpaka msafishaji wetu akakataa kulifungua. Nilimuuliza sababu.

"Wewe chukua plasta," akasema. "Mwaka ujao mgonjwa atakuambia jino limepungua, wewe utasema halijapungua. Mtabishana mpaka saa ngapi?"

Alistaafu, nikarithi stuli, kabati na ile tabia. Wengi wenu mmenisikia nikiitetea plasta kwenye mikutano huku mkitazama simu.

Miaka ikaenda, kiti kipya cha umeme kikaja, na baada yake zikaja waya za kupanga meno. Zamani waya zilikuwa za watoto wa wakubwa. Baadaye mtaalamu akaanza kutoka Meru mara moja kwa mwezi, na ghafla kila kijana wa mjini alikuwa na reli mdomoni. Kazi yetu ilikuwa kuwasafisha, kuwafundisha na kuwachunga kati ya ziara zake. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi mnapolegea. Siku ya kutoa waya huwa kama harusi. Watu wanapiga picha, mama analia, halafu kila mtu anaenda nyumbani akidhani mambo yamekwisha. Jino lililotoka kwenye waya ni sawa na mtu aliyetoka wodini. Pembeni mwa vile vipande vya chuma vinavyogandishwa kwa gundi juu ya meno, uchafu umekaa na kutengeneza asidi, na enameli, lile ganda gumu la juu, imelainika hapa na pale. Ndiyo yale madoa meupe kama chaki mnayoyaona. Ukiliacha jino litulie, likapata mate na floridi, hukaza tena. Ukilipatia kitu kichachu halafu ukalisugua kabla halijatulia, unalifuta taratibu, na enameli iliyofutika hairudi.

Sasa Jarso. Jarso ni dalali wa mifugo, yule anayesimama kati ya mwenye mnyama na mnunuzi, akiwasifu wote wawili. Kazi yake huanzia mdomoni mwa mbuzi. Anafungua, anatazama meno, anakuambia umri kabla mwenye mbuzi hajamaliza kudanganya. Lakini yeye mwenyewe alizaliwa na meno ya mbele yaliyotangulia kila mahali, na sokoni utani hauna huruma. Wanunuzi walikuwa wakimwambia afunge mdomo wake kwanza ndipo afungue wa mbuzi. Akavumilia mpaka akawa mtu mzima mwenye ndevu, kisha akaja kuketi katikati ya wanafunzi wa sekondari kusubiri waya. Nilimpenda siku hiyo hiyo.

Alizivaa kwa utiifu ambao sijauona kwa mwingine. Zilipotoka, meno yalikuwa yamepangika vizuri na enameli ilikuwa nzima, kukiwa na madoa machache tu ya chaki. Nilichukua plasta, kama kawaida, nikampa maagizo, akaenda sokoni kucheka. Baada ya miezi kadhaa akarudi, na safari hii hakucheka.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, Jarso. Keti. Nini mbaya?"

"Mama, hii meno yangu inaisha."

Niliwasha taa nikidhani anatia chumvi. Hakuwa anatia chumvi. Ncha za meno ya mbele zilikuwa zimekonda kiasi kwamba mwanga ulipita. Nyuso za meno zilikuwa laini, zinang'aa kama kokoto ya mtoni, na nilipopuliza hewa kidogo tu aliruka kitini. Nikaitoa plasta kabatini nikaiweka kando ya mdomo wake. Kulikuwa na tofauti, na ilikuwa kubwa.

"Ni ile gundi," akasema. "Daktari alipoitoa, alibandua na meno."

"Plasta hii niliichukua baada ya gundi kutoka. Angalia. Meno yalikuwa mazima."

Akaangalia kwa jicho lile la sokoni, akanirudishia. Kwa hiyo kitu kilichoyala kilianza baada ya waya, na nilikuwa na hakika ni asidi. Swali lilikuwa inatoka wapi. Nikaanza na soda.

"Uliniambia niache, nikaacha. Wallahi hata harusini nakunywanga maji."

"Miraa?"

"Mimi niuze mbuzi nikitafuna majani kama yeye?"

Nikatazama nyuma ya meno, upande wa ulimi. Asidi ya tumboni, ya mtu mwenye kiungulia au anayetapika, hupenda kula upande huo. Huko kulikuwa salama. Ulioliwa ulikuwa upande wa mbele tu, unaotazama midomo. Nikamuuliza anakunywa nini tangu asubuhi mpaka jioni. Chai, maji, maziwa ya ngamia. Maziwa mabichi au yaliyochacha? Mabichi. Anasafisha kwa kitu gani? Asubuhi na usiku kwa burashi na dawa, kama nilivyomfundisha, na mchana kwa mswaki wa mti. Akautoa mfukoni mwa shati. Ulikuwa umechongwa vizuri, ncha yake laini na mbichi. Mswaki sina ugomvi nao. Umesafisha meno ya watu hawa tangu kabla ya hospitali kuwekwa msingi. Nikampaka vanishi ya floridi na kumwambia arudi.

Aliporudi hali ilikuwa imezidi kidogo, nikamchukua plasta nyingine. Mkononi alikuwa na simu yenye picha. Kulikuwa na kliniki moja jijini, sina haja ya kuitaja, iliyokuwa ikionyesha watu wenye meno meupe kama vigae vya bafuni.

"Wanakata kidogo, wanavalisha kofia," akasema. "Nimeshaongea nao. Wiki ijayo naenda."

"Kidogo kiasi gani?"

"Walisema kidogo."

Nilimweleza kuwa kwa kofia za aina ile jino huchongwa pande zote mpaka libaki kisiki, na kisiki hakiwi jino tena. Kofia ikichoka, unavalishwa nyingine, maisha yako yote. Nikamwambia pia kuwa kama hatujajua kinachoyala, hata hizo kofia zitaliwa pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia neno lililonikaa moyoni.

"Mama, mimi najua mambo ya meno. Mnyama meno ikiisha, anakonda hata kama nyasi iko. Tunamuuza kwa mchinjaji. Mimi siwezi ngoja nifike hapo."

 Yule mtu alikuwa anaogopa kweli, na hofu yake aliijua kwa jina, maana aliitazama kila siku sokoni ikipelekwa machinjioni. Akaondoka, nami nikabaki na plasta mkononi nikiwa na hasira nisiyojua ni ya nani.

Siku mbili tatu baadaye nilikwenda soko la mifugo kwa shughuli zangu mwenyewe. Krismasi ilikuwa inakaribia na kwetu nikifika bila mbuzi, wanaanza kuuliza nilienda Isiolo kufanya nini. Jua lilikuwa kali, vumbi limejaa, mbuzi wanalia kama wanajua. Nikamwona Jarso katikati ya watu, akimuuza beberu mwekundu.

Kama hamjawahi kuona biashara ile, huwa hivi. Bei haitajwi mdomoni, isije ikasikika kwa jirani. Dalali na mnunuzi wanashikana mikono chini ya kitambaa, na vidole ndivyo vinavyozungumza. Nyuso zinabaki kavu, mtu anatazama milima kana kwamba yuko peke yake. Jarso alikuwa ameingiza mkono wa kulia chini ya kitambaa. Kiunoni alikuwa amening'iniza chupa ya plastiki yenye maji ya kahawia, na ndani ya chupa, umesimama kama kalamu kwenye wino, ulikuwa mswaki wake.

Mkono wa kushoto ukauchomoa. Akasugua meno ya mbele, juu, chini, juu, chini, huku vidole vya upande wa pili vikibishana. Akaurudisha chupani. Mnunuzi akakunja uso. Jarso akauchomoa tena, ukiwa unachuruzika, akasugua tena.

Nilisahau mbuzi wangu. Nilingoja kitambaa kitolewe, na sikungoja zaidi ya hapo.

"Jarso, hapo kwa chupa kuna nini?"

"Mama daktari! Umekuja soko? Hii? Hii ni dawa ya sauti."

"Dawa gani?"

"Ukwaju na ndimu. Mama yangu ananitengenezea kila asubuhi. Dalali bila sauti ni nani?"

"Na mswaki unafanya nini humo ndani?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Hii jua inaukausha. Ukikauka unakwaruza. Si lazima ukae kwa kitu ya maji?"

"Ulianza lini kuuweka humo?"

"Waya ilipotoka. Na waya singeweza, mswaki ulikuwa unakwama. Kutoka hiyo siku nimeutumia kabisa, niilinde meno."

Hapo nikajua tumempata mwizi. Mtu alikuwa akichovya mswaki kwenye asidi na kuyapiga meno yake deki mchana kutwa, meno yaliyotoka kwenye waya juzi, na alikuwa anafanya hivyo kwa bidii kwa sababu anayapenda. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliniuliza nakunywa nini. Hii si ya kunywa, ni dawa. Naonja tu."

Hakunidanganya hata kidogo. Ninyi mnaobaki, andikeni hili mahali: msimuulize mtu wa hapa anakunywa nini, akaishia kuwatajia vinywaji. Muulizeni ni kitu gani kinapita mdomoni tangu aamke, dawa, kionjo na kitafunio, na muulizeni mikono yake hufanya nini akiwa kazini. Mimi tangu hapo niliuliza hivyo, na majibu niliyopata yangewavunja mbavu.

Nilimweleza pale pale, beberu akitusikiliza. Ukwaju na ndimu hulainisha ganda la jino, na mswaki ukipita juu yake likiwa laini, unalikwangua. Alikunja uso.

"Basi imeshakwanguka. Kliniki watavalisha kofia."

"Sikiza. Mtu akikuletea mbuzi mzuri, meno yake yameanza kuliwa na mchanga wa pale anapolisha. Utamwambia afanye nini?"

"Amhamishe malisho."

"Hutamwambia amkate meno?"

Wanunuzi waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na mmoja akamwambia Jarso kuwa leo amepata dalali wake. Yeye mwenyewe alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Halafu akawa mtu wa biashara tena.

"Nakupa mpaka mfungo upite, na Idd. Kliniki nitawaambia waniwekee nafasi. Utachukua plasta nyingine. Ikipungua hata kidogo, naenda kukata, na hutanizuia."

"Sitakuzuia."

"Lete mkono."

Akatupa kitambaa juu ya mikono yetu. Sikujua kidole gani kinasema nini, nikakibana chochote nilichokipata, na kwa namna alivyoruka nadhani nilimnunua ngamia. Lakini tulikubaliana. Beberu mwekundu alikuwa ameshauzwa, na nilienda nyumbani na jike lenye kiburi ambalo Jarso aliapa ni changa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ndogo ndogo, na ndiyo kazi yenyewe. Ukwaju wa mama yake sikuupiga marufuku. Ukimwambia mtoto wa mtu kuwa dawa ya mama yake ni sumu, umempoteza mtoto, mama na ukoo mzima. Nilisema anywe pamoja na chakula, kwa mara moja, asiwe akionja onja mchana kutwa, kisha asukutue kwa maji matupu na asiguse meno kwa nusu saa au zaidi. Mswaki ukae kwenye chupa yake ya maji matupu. Kile kifaa cha plastiki cha usiku, kinachozuia meno yasirudi yalikotoka, asikivae huku anakunywa kitu kichachu, maana asidi hujifungia ndani na kukaa. Dawa ya meno yenye floridi usiku, ateme povu bila kusukutua, alale nayo. Nilimpaka vanishi kila alipokuja. Hakuna kilichohitaji mashine.

Mfungo ulinitia wasiwasi. Nilijua ukwaju ndio unaofungua saumu kwenye nyumba nyingi mjini, na kwamba mswaki hutangulia swala. Sikutaka kuingilia ya dini ya mtu, kwa hiyo nilimweleza tu mpangilio unaodhuru na kumwachia. Alirudi baada ya kuzungumza na maalim wake, amejipangia vizuri kuliko ambavyo ningempangia. Angefuturu kwa tende na maji, apige mswaki, aswali Magharibi, halafu ukwaju ungekuja na chakula baada ya swala.

"Maalim ameniuliza kama daktari wa meno ni Muislamu," akasema.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni Mmeru, lakini anasikia."

Baada ya Idd alikuja akiwa amevaa kanzu mpya na manukato yaliyoshinda karafuu yetu.  Nilichukua umbo, nikachanganya plasta, nikaimimina, nikaigongagonga itoe mapovu. Plasta hukaza kwa wakati wake, haijui kuna mtu ana roho juu. Yeye alikaa kwenye kiti, mimi kwenye stuli, tukazungumza habari za mvua ya Kinna. Nilikuwa nimemwona mgonjwa baada ya mgonjwa katika chumba kile, na sikumbuki nikiomba Mungu kwa ajili ya plasta kabla ya siku hiyo.

Nilipoitoa, niliiweka mezani kando ya ile niliyomchukua siku aliponionyesha picha za kliniki.  Nilimwachia yeye, kwa sababu jicho lake kwa meno ni kali kuliko langu. Akaichukua ile ya zamani, akaipeleka dirishani, akapitisha ukucha kwenye ncha za meno ya mbele. Akaichukua ile mpya akafanya vivyo hivyo. Akarudia ya zamani. Kilichokuwa kimeondoka zamani kilikuwa kimeondoka, hilo nilishamwambia waziwazi. Lakini kati ya plasta hizo mbili hapakuwa na tofauti yoyote, na nilipompulizia hewa alitulia tuli.

Akaketi. Akatoa simu, akatafuta namba, akangoja.

"Alo. Salama. Ni Jarso wa Isiolo. Ile nafasi yangu ya kukatwa, pea mtu mwingine." Akasikiliza. "Hapana, si bei." Akasikiliza tena, na mkono wake mwingine ukaishika ile plasta mpya kifuani. "Hapana, sijapata kliniki ingine. Meno niko nayo."